UZI: Donge la udongo juu ya fundo la kamba. Sili za mizigo ya baharini miaka 4,000 iliyopita

#1 Karani wa Gati (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kazi yangu ni kutoa mizigo bandarini Dar es Salaam, huu mwaka wa kumi na nne. Kontena likishushwa, kabla sijaangalia kitu kingine chochote naangalia sili, ile bolti ya chuma iliyopigwa mlangoni. Ina namba, na namba hiyo lazima ifanane na iliyoandikwa kwenye hati ya shehena. Ikipishana tarakimu moja tu, mzigo hautoki. Niliwahi kuhangaika siku sita kwa sababu mtu wa upande wa pili wa bahari aliandika 8 badala ya 3. Marobota ya nguo yalikuwa kamili, mwenye mali alikuwa analia kwa simu, lakini hapakuwa na mtu wa kuthubutu kukata ile bolti.

Siku hizo sita, nikiwa nimekaa kwenye benchi la ofisi ya watu, ndipo nilipoanza kujiuliza hii kitu ilianzia wapi. Nikaanza kusoma, na sijaacha mpaka leo. Nataka niwaeleze nilichokikuta, maana kimenibadilishia namna ninavyoitazama kazi yangu.

Twende Gujarat, magharibi mwa India, karibu na Ghuba ya Khambhat. Pana mahali panaitwa Lothal. Kuanzia mwaka 1955 mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1960, S. R. Rao wa Archaeological Survey of India alichimba pale na kukuta mji wa ustaarabu wa kale wa bonde la mto Indus, uliokuwa hai kati ya miaka ya 2400 na 1900 KK. Ulikuwa mji mdogo, lakini ndani yake palikuwa na ghala lisilolingana na udogo huo. Lilijengwa juu ya jukwaa la matofali mabichi, zaidi ya mita tatu kwenda juu ili maji ya mafuriko yasilifikie. Juu ya jukwaa kulikuwa na matuta ya mraba ya matofali, kwa hesabu ya Rao 64, na kati ya tuta na tuta kuna ujia wa kupitisha hewa. Aliyewahi kukaa na magunia ya nafaka msimu wa masika anajua kwa nini walijenga hivyo.

Siku moja ghala likashika moto. Rao alipozibua zile njia za hewa alikuta humo madonge ya udongo zaidi ya 60. Mengi hayazidi ncha ya kidole gumba. Upande mmoja una chapa ya muhuri: yule mnyama wa pembe moja wa Indus, na juu yake mstari wa maandishi ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma hadi leo.

Hizo ndizo lakiri za udongo, na hapa tutenganishe vitu viwili vinavyochanganywa kila siku. Kuna muhuri, yaani jiwe lenyewe lililochongwa, ambalo mwenyewe alitembea nalo. Na kuna lakiri, donge la udongo mbichi lililobandikwa juu ya fundo la kamba kisha likagongwa muhuri. Jiwe linabaki na mwenyewe, donge linaondoka na mzigo. Kwa hiyo ukiokota jiwe mahali, umepata alipoishi mwenye muhuri au alipolipoteza. Ukiokota donge, umepata mahali mzigo ulipofungwa, ulipotunzwa au ulipofunguliwa.

Sasa ligeuze hilo donge.

Wakuu, upande wa nyuma ndio ulioninyima usingizi. Udongo ulipokandamizwa ukiwa laini ulichukua umbo la kila kilichokuwa chini yake. Madonge ya Lothal yana alama za nguo iliyofumwa, za mkeka, za matete, za kamba iliyosokotwa. Nguo yenyewe imeoza zamani, kamba imeoza, bidhaa haipo, lakini nyuzi zimebaki kwenye udongo, unaweza kuzihesabu. Mbele kunakuambia nani amefunga, nyuma kunakuambia kafunga nini.

Na zimetufikia kwa sababu ya ule moto. Lakiri haikutengenezwa ili idumu. Ilikuwa udongo mbichi uliokaushwa tu, ukimwagiwa maji unarudi tope. Moto uliomfilisi mfanyabiashara wa Lothal ndio uliozichoma zikawa ngumu kama kigae.

Nitaendelea. Karibuni.

#2 Mjukuu wa Baharia

Mkuu, nimekaa mkao wa kusoma. Ila nina swali la kijinga kidogo. Udongo si unapasuka tu? Mwizi anauvunja, anachota anachotaka, anabandika mwingine. Ulikuwa unazuia nini?

#3 Karani wa Gati

Swali lako si la kijinga hata kidogo, mkuu, ndiyo roho ya jambo lenyewe.

Lakiri haimzuii mwizi. Hata bolti ya kontena haimzuii, koleo kubwa linaikata mara moja. Kazi yake ni kumfanya asiweze kuficha kwamba amefungua. Udongo utauvunja, sawa, lakini kuubandika upya unahitaji jiwe lile lile, na jiwe liko mkononi mwa mwenyewe, ng'ambo ya bahari. Ni kama lakiri za masanduku ya kura. Sanduku ni la plastiki, lingeweza kuvunjwa. Mawakala wa vyama wanachoandika kwenye karatasi zao ni namba ya lakiri.

Aliyetufungua macho kuhusu utendaji wa vitu hivi ni mtafiti wa Italia, Enrica Fiandra. Alichukua lakiri za Phaistos, jumba la kale kule Krete, kisiwa cha Ugiriki, akaacha kuhangaika na picha za mbele ambazo kila mtu alikuwa anazitazama, akasoma migongo. Akaonyesha kwamba nyingi hazikufunga mizigo. Zilifunga milango ya stoo. Mlango ulikuwa na kigingi, kamba inazungushwa kwenye kigingi, udongo unabandikwa juu yake, muhuri unagongwa. Kila stoo ikifunguliwa donge moja linavunjika, na kila ikifungwa linabandikwa jipya.

Na vipande vilivyovunjika havikutupwa siku ile ile. Huko Arslantepe, mashariki mwa Uturuki, kwenye jumba la watawala la miaka ya 3400 hadi 3100 KK, zimekutwa lakiri zaidi ya 2,000. Zilikuwa zimehifadhiwa kwanza, zikahesabiwa, ndipo zikamwagwa kwa mafungu. Kipande kilichovunjika kilikuwa risiti: siku ya hesabu stoo kipa anaonyesha milango ilifunguliwa mara ngapi na kwa muhuri wa nani. Jumba zima liliendeshwa hivyo kabla mtu yeyote pale hajaandika neno. Arslantepe haina bahari, lakini waliosafirisha mizigo kwa vyombo walitumia utaratibu huo huo.

#4 Mhoji

Mleta mada, naheshimu utafiti wako, ila naomba tusiende haraka. Wengi wanaiita Lothal "bandari ya kwanza duniani" kwa sababu ya lile bwawa la matofali pembeni ya ghala. Kuna wanaosema ni bwawa tu la maji. Halafu lakiri kukutwa ghalani si ushahidi wa bahari, mzigo ungeweza kuja kwa mkokoteni wa ng'ombe.

#5 Karani wa Gati

Mkuu Mhoji, umenipiga pale panapouma na una haki.

Lile bwawa lina urefu wa zaidi ya mita 210 na upana wa kama mita 36, limejengwa kwa matofali ya kuchoma. Rao alisema ni gati la kuingizia vyombo, akaonyesha na mawe yenye matundu, akayaita nanga. Mwaka 1968 Lawrence Leshnik akapinga, akasema ni hifadhi ya maji ya kilimo. Mabishano hayo yanaendelea mpaka leo. Mimi binafsi naona ghala la namna ile hujengi ubavuni mwa bwawa la kumwagilia, lakini hayo ni maoni ya mtu wa bandari. Naliweka kando, kwa sababu bahari haihitaji bwawa hilo ili ithibitike.

Tazama mambo haya. Pale Lothal penyewe uliokotwa muhuri wa duara wa mtindo wa Dilmun, yaani Bahrain ya kale. Mihuri ya Indus kwa kawaida ni ya mraba, ya Dilmun ni ya mviringo na mgongoni ina mistari na viduara. Huwezi kuichanganya. Failaka, kisiwa cha Kuwait, imetoa mamia ya mihuri ya aina hiyo. Na Qal'at al-Bahrain, iliyochimbwa na msafara wa Denmark wa kina P. V. Glob na Geoffrey Bibby tangu miaka ya 1950, imetoa mawe ya mizani ya kipimo kile kile cha Indus, ambacho jiwe lake la kawaida lina gramu 13.6 hivi. Watu waliotenganishwa na bahari nzima walikuwa wanapimiana kwa mizani moja.

Kisha ije lakiri yenyewe. Kuna donge moja linalotajwa kutoka Umma, kusini mwa Iraki, lilichapishwa mwaka 1925. Mbele lina chapa ya muhuri wa Indus wenye mnyama wa pembe moja. Nyuma lina alama ya nguo. Fikiria hapo: mtu mwenye muhuri wa Indus amebandika udongo juu ya furushi la kitambaa, na donge likaokotwa katika nchi ya mito ya Frati na Hidekeli. Mtu mwenye muhuri ule alifunga kabla ya kupakia, au alikuwa anaishi huko huko. Vyovyote utakavyochagua, kuna aliyevuka.

Ukitaka mfano ambao udongo wenyewe umepimwa, nenda Santorini, kisiwa kingine cha Ugiriki. Mji wake wa kale, Akrotiri, ulifunikwa na majivu ya volkano, na ndani ya majivu zikakutwa lakiri ndogo kadhaa. Chapa zake ni za pete zile zile zilizogonga lakiri za Ayia Triada na Sklavokambos huko Krete. Wapimaji wa udongo wakasema udongo umetoka Krete. Zile hazikufunga magunia, zilifunga barua za ngozi. Ngozi imekwisha, udongo umebaki. Hapo utasema mkokoteni?

#6 Mhoji

Kwa Akrotiri nimekubali. Mkokoteni hauendi kisiwani.

#7 Bint Sur

Assalaam alaykum. Nawasoma kutoka Oman. Bibi yangu mzaa mama kazaliwa Unguja, sisi tupo Sur. Karani umetaja Dilmun na Indus (naona ndiyo Meluhha ya maandishi ya kale) lakini Magan hujatugusa, na Magan ndiyo sisi hapa.

Mfalme Sargon wa Akkad, huko Iraki ya kale, zaidi ya miaka 4,200 iliyopita, alijisifu kwamba vyombo vya Meluhha, vya Magan na vya Dilmun vimefunga kwenye gati la mji wake. Magan walikwenda kutafuta shaba. Sisi huku tuna Ras al-Jinz, kule watu wanakwenda kutazama kasa wakitaga. Mimi nimekulia karibu yake na sikujua mpaka nilipokuwa mtu mzima kwamba pamechimbwa vipande vya lami zaidi ya 300 vya chombo cha baharini. Chombo chenyewe kilikuwa cha matete yaliyofungwa mafungu, kikafunikwa mikeka, kikapakwa lami. Matete yameoza yote. Lami imebaki na chapa ya matete na kamba upande wa ndani, na upande wa nje imeng'ang'aniwa na yale magamba yanayoota kwenye tumbo la chombo kikikaa majini muda mrefu.

Nilipokusoma unaeleza mgongo wa lakiri nikasema, kumbe ni jambo lile lile! Chombo nacho kimeacha mgongo wake.

Hapo hapo Ras al-Jinz umekutwa muhuri wa shaba wa mtindo wa Indus, na vigae vya mitungi mikubwa ya Indus iliyopakwa udongo mweusi.

Mwaka 2005 walijenga chombo cha namna hiyo, kikatweka kutoka hapa Sur kuelekea Gujarat. Kiliingia maji siku ile ile, mabaharia wakaokolewa. Mzee mmoja wa hapa alisema kosa halikuwa kwa wazee wa kale, mikono yetu ndiyo imesahau.

#8 Mlamu

Bint Sur, wa alaykum salaam. Hapa Lamu mikono haijasahau muda mrefu. Mtepe ulishonwa kwa kamba za makumbi bila msumari, na mitepe ya mwisho ilionekana mwanzoni mwa karne iliyopita. Unguja walishona mmoja wa mfano, ukawekwa Beit al-Ajaib kabla jengo halijaporomoka mwaka 2020.

Sisemi mtepe umetoka kwa hao watu wa Magan, miaka ni mingi mno kati yao na sisi. Nasema tu, fundi anayejua kushona chombo anajua fundo. Nataka kujua kwa Karani: kwenye hizo chapa za nyuma, kamba yaonekana imesokotwa upande gani? Maana sisi kamba ya kulia na ya kushoto hatuzichanganyi, zikichanganyika zinajifungua.

#9 Karani wa Gati

Mlamu, shikamoo kama ni mkubwa wangu. Ndiyo, mwelekeo wa msokoto ni mojawapo ya vitu wanavyovisoma. Wanachukua silikoni au udongo laini, wanaukandamiza nyuma ya donge, wanapata umbo la kamba yenyewe kama ilivyokuwa: unene wake, nyuzi ngapi, msokoto wa kulia au kushoto, fundo la namna gani. Kwa fundo unaweza kutofautisha furushi na mtungi. Mtungi una duara la shingo na mikunjo ya kitambaa kilichofunika mdomo. Gunia ni kubonyea-bonyea.

#10 Mjukuu wa Baharia

Na yule Ea-nasir wa shaba mbovu naye yumo humo? Kila siku naona watu wanachekea kile kibao chake.

#11 Karani wa Gati

Yumo, na mimi huwa sicheki nikikisoma, maana nimepokea simu za namna ile. Ea-nasir alikuwa mfanyabiashara wa Uru, kusini mwa Iraki, mnamo 1750 KK, akileta shaba kutoka Dilmun. Mteja wake Nanni alimwandikia kwa uchungu kwamba kamletea shaba mbaya na kumdharau mjumbe wake. Kibao kipo British Museum.

Wengi wanaishia kwenye malalamiko. Nenda mbele kidogo. Nanni anataja shaba waliyokwisha kuilipa ikulu kwa niaba ya Ea-nasir, yeye na mwenzake, kisha anasema hiyo ni mbali na yale waliyoandikisha kwenye kibao chenye muhuri kilichowekwa katika hekalu la Shamash. Shamash ndiye mungu wao wa haki. Hapo Nanni ameacha kulia, anataja ushahidi wake ulipo.

Kabla yao, mnamo 2030 KK, alikuwepo Lu-Enlilla wa Uru huo huo. Yeye alichukua nguo, sufu, mafuta na ngozi kutoka hekalu la Nanna, mungu wao wa mwezi, akaenda kununulia shaba Magan. Mali haikuwa yake, alikabidhiwa. Mtu anayebeba mali ya hekalu kuvuka bahari, nani atakayemwamini kwa mdomo?

Na lugha je? Watu wa Meluhha hawakuzungumza lugha ya Akkad. Kuna muhuri mmoja upo Louvre wa mtu aitwaye Shu-ilishu, na umeandikwa cheo chake: mkalimani wa lugha ya Meluhha. Kwa hiyo wakalimani walikuwepo, lakini hukuwa na mkalimani kila gati. Donge halihitaji mkalimani. Zima au limevunjika, basi.

Sisi wenyewe tumebeba jambo hili mdomoni. "Muhuri" na "bandari" yote mawili ni maneno ya Kiajemi, yametufikia kwa njia ya bahari ile ile.

#12 Mama wa Vyungu

Wanangu, mimi ni Mkisi wa Kyela, ukoo wetu tunafinyanga vyungu Ikombe, ziwani Nyasa. Nimesoma yote. Karani, umesoma sana lakini udongo hujaushika. Chukua udongo, funga kikapu, bandika, ugonge, uone. Usiuache juani utapasuka. Utoe vijiwe vyote. Usiwe na maji mengi, ukiwa na maji mengi unasinyaa na kuachia kamba. Ukiwa mkavu haushiki alama. Upate wa katikati, ule unaotoa sauti ukiubana.

#13 Karani wa Gati

Shikamoo mama. Ni kweli, sijaushika. Nitafanya Jumamosi, nitaleta mrejesho.

#14 Karani wa Gati — MREJESHO

Wakuu, nimefanya.

Nilipata udongo kwa mfinyanzi wa Mbagala. Nikachukua mtungi mdogo, nikaufunika mdomo kwa kipande cha khanga ya zamani ya mke wangu, nikauzungushia kamba ya ukindu mara tatu, nikafunga fundo. Kwa muhuri nilitumia pete yangu yenye herufi.

Donge la kwanza nilifanya nene kama andazi. Kesho yake limepasuka katikati, nusu imedondoka yenyewe. Mama wa Vyungu alikuwa ameshaniambia. La pili nikalifanya jembamba, nikalikandamiza kwa kidole gumba mpaka likaingia kwenye nyuzi, nikapaka pete mafuta kidogo, nikagonga. Nikaliweka uvunguni siku mbili.

Jumanne nikamwita kijana wangu, ana miaka kumi na moja, nikamwambia fungua mtungi bila mimi kujua. Alijaribu kwa nusu saa nzima. Akajaribu kulegeza kamba, akajaribu kupitisha kisu chini ya donge, akajaribu kulilowesha ukingo. Mwisho likakatika vipande vitatu. Akaniangalia akasema, "Baba, hili halirudi."

Nikaokota kile kipande kikubwa, nikakigeuza chini ya taa, nikatumia kamera ya simu kukikuza. Mistari ya ukindu imepita mitatu, sambamba, msokoto wa kulia, Mlamu. Pembeni yake kuna vimraba vidogo vidogo vya uzi wa khanga, na sehemu moja uzi umekatika, pale khanga ilipokuwa imechanika tangu zamani. Juu, karibu na chapa ya pete, kuna alama ya dole gumba langu.

Nimeviweka vile vipande vitatu kwenye kopo la kahawa, na tarehe juu yake.

#15 Mama wa Vyungu

Sasa kichome.